Rafu ya Buti Inagonga, Inabonyea au Inateleza: Anza Kukagua Chini Yake

Magari mengi yanayoingia Kenya yakiwa yametumika Japani hufika bila kile kifuniko cha buti yaliyotoka nacho kiwandani. Hata kikiwepo, hakibebi zaidi ya koti na mwavuli. Ndiyo maana Nairobi ina rafu nyingi za kujitengenezea: muuza mayai mwenye Probox anataka trei zikae juu na mboga chini, fundi wa mabomba amechoka kufukua spana chini ya vifaa vingine, mzazi anapakia sanduku la mtoto wa bweni na bado anatafuta nafasi ya unga. Ubao mmoja, miguu minne au mbao mbili za kuegemea, na uwezo wa kuitoa yote Jumamosi familia ikielekea mashambani.

Rafu hizi huharibika kwa njia zilezile. Tafuta dalili yako hapa chini, kisha anza na sababu ya kwanza, kwa kuwa nimezipanga kuanzia inayojitokeza zaidi hadi ile ya nadra. Jambo moja nitalirudia hadi likuchoshe: ubao hulaumiwa bure. Mtu akisikia kelele au akiona rafu imebonyea anakimbilia Gikomba kununua plaiwudi nene zaidi, kumbe kasoro iko pale rafu inapokalia na jinsi ilivyofungwa. Ubao mnene juu ya egemeo bovu ni tatizo lilelile, sasa likiwa na kilo zaidi.

## Rafu inagonga ukipita kwenye matuta

Kabla ya kuigusa rafu, itoe na upite barabara ileile bila hiyo. Kelele ikibaki, rafu haina hatia. Mshukiwa wa kwanza ni jeki ambayo haikukazwa mahali pake baada ya pancha ya mwisho. Wa pili ni wili spana. Wa tatu ni spea yenyewe, ikiwa bolti yake ya katikati haijafika mwisho. Hayo yote hurekebishwa kwa mkono, bila seremala.

Kelele ikiisha rafu ikiwa nje, irudishe ikiwa tupu, mtu mwingine aendeshe polepole nawe ukae kiti cha nyuma usikilize. Mtaa wowote wenye matuta unatosha. Kishindo kimoja kizito kwa kila tuta ni rafu inayoruka na kutua. Mlio mwembamba unaokuja gari likipinda au likipanda ukingo wa barabara ni mbao inayosugua plastiki. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyopanda ni ubao mpana unaotetema katikati.

*Rafu haijavutwa chini.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kupita zote. Rafu imekalia tu, haijafungwa popote. Gari likishuka tuta, sakafu hutangulia na rafu hubaki hewani kwa sekunde ndogo, kisha vinakutana. Watu hubandika sponji, kelele inapungua kwa muda, sponji inagandamana, kelele inarudi. Dawa ni kuivuta rafu chini kwa mikanda yenye kikazio, iliyoshikwa kwenye ndoano za chuma za kiwandani zilizo sakafuni mwa buti. Ukishaivuta ndipo uweke kitu laini chini ya kila mguu. Kipande cha mkeka wa mpira wa gari uliochakaa ni bora kuliko sponji ya godoro, kwa sababu mpira haugandamani upesi.

*Nati zimelegea.* Mtikisiko hulegeza nati ya kawaida, tena haraka zaidi kwenye mbao, kwa kuwa mbao husinyaa na kugandamizwa. Tumia nati zenye pete ya plastiki ndani. Utazipata kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road au hadiwea iliyo karibu nawe. Chini ya kila nati weka washa pana. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza ya matumizi, hata kama hausikii chochote.

*Ukingo unasugua plastiki.* Paka chaki kwenye kingo zote za rafu, endesha, kisha angalia plastiki ilipochafuka. Hapo ndipo pa kupunguza kwa msasa au kubandika kipande cha kapeti kwa ile gundi ya njano ya washona viatu.

*Ubao unavuma.* Bandika kipande kizito cha kapeti upande wa chini, katikati, au ongeza mbao ya kukaza kama nitakavyoeleza kwenye dalili inayofuata.

Ikiwa rafu iko nje, jeki imekazwa, na bado kitu kinagonga upande wa gurudumu, acha. Huenda hiyo ni shoku au bushi, na ni kazi ya fundi wa gari.

## Rafu inabonyea katikati

Kwanza jua unapima nini. Weka mzigo wako wa kawaida. Kama huna mizani, mtungi wa lita 20 uliojaa maji ni kilo 20 na kidogo za mtungi wenyewe. Trei moja ya mayai 30 inakaribia kilo 2, kwa hiyo anayepanga trei 20 ana kama kilo 40 juu ya ubao, ingawa kwa macho mayai huonekana mepesi. Vuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na upime pengo katikati. Kwa rafu ya upana wa mita moja, milimita 3 au 4 hazinisumbui. Zikizidi 5, au ubao ukibaki umepinda baada ya kushusha mzigo, kuna la kurekebisha.

Sasa pima pia pembe nne za rafu, kutoka ukingo wa dirisha hadi ubao, ikiwa tupu na ikiwa imepakiwa. Kipimo hiki wengi hukiruka, na ndicho kinachookoa pesa. Pembe zikishuka pamoja na katikati, ubao haujapinda sana; kinachozama ni sakafu.

*Miguu imekalia kifuniko cha spea.* Kwenye magari mengi ya aina ya Fielder, Note, Demio na wenzake, ile unayoiita sakafu ya buti ni ubao mwembamba uliofunika shimo la spea. Haukutengenezwa kubeba nguzo. Inua kapeti na kifuniko, tazama bati lenyewe, na uone lilipo imara: kwa kawaida ni ile midomo ya bati inayozunguka shimo. Hamisha miguu ikalie hapo. Isipofika, laza mbao mbili ndefu kutoka mdomo wa mbele hadi mdomo wa nyuma, kisha usimamishe miguu juu ya mbao hizo. Kumbuka utahitaji kuinua kifuniko siku ya pancha, kwa hiyo mbao hizo zisipigiliwe misumari.

*Hakuna mbao ya kukaza chini ya ubao.* Mbao ya inchi 2 kwa 1 ikisimamishwa kwa ukingo ina ugumu mara nne ya ileile ikilazwa. Mafundi wenye haraka huilaza, kwa kuwa skrubu huingia kirahisi. Isimamishe, ipake gundi ya mbao, ifunge kwa skrubu kutoka juu. Mbili zikivuka upana wa rafu hutosha kwa mizigo mingi ya nyumbani. Chagua saiprasi iliyokauka. Mbao mbichi inapokauka ndani ya gari lililoegeshwa juani hupinda na kuipinda rafu nzima.

*Nafasi isiyo na egemeo ni ndefu mno.* Ukiweka egemeo katikati, ukaigawa nafasi hiyo nusu kwa nusu, mzigo uleule katikati ya nusu moja utapinda ubao kiasi cha moja ya nane ya awali. Hakuna plaiwudi itakayokupa faida hiyo kwa bei ya kipande cha mbao. Ila mguu wa katikati nao sharti ukalie bati, usikalie kifuniko cha spea.

*Plaiwudi imekatwa upande usiofaa.* Nyuzi za tabaka la juu zinapaswa kwenda kutoka egemeo hadi egemeo. Ukikatiwa kwa mashine dukani, sema hivyo kabla ubao haujafika kwenye msumeno, la sivyo watakata kwa namna inayookoa ubao wao.

*Ubao wenyewe ni mwembamba au hafifu.* Tumefika kwake, mwisho. Ugumu hupanda kwa kasi kuliko unene: milimita 18 hupinda chini ya theluthi moja ya milimita 12 kwa mzigo uleule. Lakini bodi nzima ya futi 8 kwa 4 ya milimita 18 ina kama kilo 30, na rafu unayotaka kuitoa peke yako isikuvunje mgongo. Mimi hubaki na 12 na kuongeza mbao za kukaza. Nenda dukani na rula, pima unene mwenyewe kabla ya kulipa. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, epuka kwa rafu ya mzigo: ni nzito kuliko plaiwudi ya unene uleule, na mzigo unaokaa juu yake wiki nzima huiacha imepinda moja kwa moja.

Ukisikia mlio wa kupasuka, ukiona tabaka za plaiwudi zimeachana, au skrubu zimeanza kujivuta, shusha mzigo na usiendeshe gari rafu ikiwa imepakiwa. Na kama unataka kubeba zaidi ya kilo 60 hivi kila siku, toka kwenye mbao. Mafundi wa chuma wa Kariobangi Light Industries au Kamukunji watakutengenezea fremu ya tyubu za mraba. Mwambie fundi mambo mawili: achomelee fremu ikiwa nje ya gari, na asichomelee kitu chochote kwenye bodi ya gari. Cheche karibu na kapeti, sponji na tangi la mafuta ni moto unaosubiri, na umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta ya gari.

## Rafu au mzigo unateleza mbele ukikanyaga breki

Hii ndiyo dalili ya kushughulikia leo, hata kama rafu haigongi wala haibonyei. Hesabu ni hii. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla ndani ya nusu mita, kama linavyoweza kusimama likigonga nguzo au lori, mzigo wa kilo 10 usiofungwa unasukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Kilomita 50 si mwendo wa kutisha. Outering unaupita bila kufikiri. Na kilo 10 ni kisanduku cha vifaa cha wastani.

Jaribio ni rahisi. Gari likiwa limesimama, shika rafu tupu kwa mikono miwili na uisukume mbele, nyuma, kushoto, kulia, kisha uinue. Ikisogea hata inchi moja kwa mikono yako, breki zitaisogeza zaidi. Fanya hivyo tena ikiwa imepakiwa, ukisukuma mzigo na kuiacha rafu.

Anza na sababu ya wazi: *imefungwa kwa raba za blada*. Raba hizo ni nzuri kwa kreti nyuma ya bodaboda kwa sababu zinavutika, na kuvutika ndiko kusikotakiwa hapa. Mkanda wa kufungia mizigo, wa kitambaa na wenye kikazio cha chuma, haukupi nafasi ya kusogea. Upite kwa mshazari, uvute rafu chini na nyuma kwa pamoja. Mikanda miwili ya mbele ikivuta kuelekea nyuma na miwili ya nyuma ikivuta kuelekea mbele hufanya rafu isiwe na pa kwenda.

*Imefungwa mahali pasipofaa.* Kuna ndoano mbili tofauti kwenye buti na wengi huzichanganya. Zile za plastiki pembeni, za kutundikia mifuko ya sokoni, zimetengenezewa mizigo ya kilo chache tu. Zile za chuma sakafuni, ambazo mara nyingi hulala kwenye kishimo na kuinuliwa kwa kidole, ndizo za kushika mzigo. Fungua kapeti uhakikishe bolti yake imeingia kwenye bati na haijaota kutu. Zikiwa hazipo, angalia kama matundu yake yenye hesi (ile mikunjo ya kushika bolti) bado yapo chini ya kapeti. Gari la daraja la chini huletwa mara nyingi na matundu bila ndoano. Jaribu bolti kwa vidole kwanza, na isipoingia kwa ulaini usiilazimishe kwa spana. Bolti za Kijapani za M8, yaani za unene wa milimita 8, huwa na kichwa cha spana namba 12, huku nyingi za hadiwea zikiwa na kichwa cha 13, kwa hiyo usidanganyike na kichwa, linganisha hesi.

*Rafu inategemea mgongo wa kiti cha nyuma kama kizuizi.* Kiti kile hushikwa na loki, na loki ikiwa imechakaa au haikuingia sawasawa, mzigo unakwenda hadi kwa abiria. Vuta mgongo wa kiti kwa nguvu kila unapourudisha wima. Ukitikisika, rafu isipakiwe mtu akiwa amekaa mbele yake.

*Rafu imetulia lakini vitu vya juu vinateleza.* Ongeza ukingo wa mbao wa sentimita 5 hadi 7 pande zote, kapeti juu ya ubao, na wavu ulioshikwa kwenye rafu yenyewe. Vizito viende chini kwenye sakafu, karibu na kiti, vyepesi juu. Kitu kigumu kisizidi urefu wa mgongo wa kiti. Mtungi wa gesi ya kupikia hauna nafasi juu ya rafu hata kidogo: usimamishwe wima sakafuni, ufungwe, madirisha yawe wazi, na ushuke mara ufikapo.

Sasa mipaka. Usitoboe sakafu kwa drili kwa sababu tu hukupata ndoano. Chini ya bati kunaweza kuwa na tangi la mafuta, mabomba ya breki au nyaya. Usitoboe nguzo za pembeni wala plastiki inayopanda hadi kwenye paa, kwa kuwa magari mengi huficha humo mifuko ya hewa ya pembeni. Bolti za mikanda ya viti usiziguse wala usifunge rafu juu yake. Na ukiwa na gari la haibridi, betri yake kubwa kwa kawaida iko chini au nyuma ya kiti cha nyuma, ikiwa na zaidi ya volti 100, na nyaya zake huwa za rangi ya chungwa. Ukiziona, rudisha kapeti na umtafute fundi wa umeme wa magari ya haibridi. Angalia pia kijidirisha cha kuvutia hewa kilicho karibu na kiti hicho: rafu au mzigo ukikiziba, betri hupata joto na taa ya onyo inaweza kuwaka.

## Rafu haitoki, au haiingii tena

Sababu ya kwanza ni vipimo vilivyochukuliwa ndani ya buti tu. Kwenye magari mengi uwazi wa mlango ni mwembamba kuliko nafasi ya ndani, kwa hiyo rafu inayojaa vizuri ndani haipiti mlangoni, na aliyeijengea humo ndani anaweza kulazimika kuikata ndipo itoke. Pima sehemu tatu: uwazi wa mlango, upana kati ya vile vivimbe vya magurudumu, na upana juu yake. Kama tofauti ni kubwa, igawe rafu vipande viwili vinavyokutana katikati juu ya mbao ya kuegemea. Bawaba hurahisisha, lakini huongeza kelele. Mimi napendelea vipande viwili huru.

Kama ilikuwa ikitoka vizuri Februari na sasa ni Aprili, mbao imekunywa unyevu. Punguza kingo kwa randa au msasa hadi ubaki na pengo la milimita 5 hadi 10 kila upande, kisha zipake vanishi siku hiyohiyo, maana ukingo ulio wazi utavimba tena. Usiing'oe rafu iliyokwama kwa kupenyeza nyundo kati yake na plastiki. Vipande vya plastiki vya ndani hushikwa na klipu dhaifu, na klipu za gari la zamani huvunjika zikitazamwa.

## Mlango wa nyuma haufungi vizuri

Kina cha rafu mara nyingi hupimwa sakafuni, lakini mlango wa nyuma hulala kuelekea ndani kadiri unavyopanda. Rafu ya juu inapaswa kuwa fupi kuliko sakafu, wakati mwingine kwa sentimita nyingi. Bandika donge la unga wa chapati uliokandwa, limefungwa kwa karatasi, kwenye ukingo wa nyuma wa rafu. Shusha mlango taratibu bila kuubamiza, ufungue, upime donge. Lililobanwa hadi chini ya sentimita moja na nusu linakuambia ukate ubao. Angalia pia shoku za gesi za mlango: zinapokunja huingia ndani, na kona ya rafu inaweza kuzigusa.

Mlango ukifunga lakini una wasiwasi, weka kipande cha karatasi kwenye raba ya mlango, funga, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, raba haibani hapo. Rudia kuzunguka mlango mzima. Pasipobana, maji huingia na, baya zaidi, moshi wa ekzosi huvutwa ndani gari likitembea. Moshi huo una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Mtu wa kiti cha nyuma akilalamika kichwa kinauma au anasinzia kupita kawaida, simamisha gari, fungua milango yote, tokeni wote nje, rafu itasubiri. Baada ya hapo ni gereji, wakague ekzosi na raba kabla ya safari nyingine.

Mzigo usiegemee kioo cha nyuma. Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu iko upande wa ndani, na kona ya kreti ikiukwaruza mstari mmoja, mstari huo hufa.

## Miguu inayumba, skrubu zinang'oka

Tikisa rafu ikiwa nje ya gari, juu ya sakafu ya saruji. Miguu ikiinama pamoja kuelekea upande mmoja, inakosa mshazari. Mbao moja ya kukata kona kila upande, au ubao wa nyuma unaounganisha miguu miwili, humaliza jambo. Kukaza skrubu zaidi hakusaidii.

Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu limekufa. Mara nyingi ilipigwa kwenye ukingo wa ubao, ambako tabaka huachana, au bila kutobolewa tundu dogo la kuitangulia. Usiweke skrubu nene zaidi palepale. Toboa moja kwa moja hadi upande wa pili na utumie bolti, washa pana pande zote mbili na nati ya pete ya plastiki. Kwa miguu unayoitoa kila wikendi, bolti ni lazima, kwa sababu skrubu za mbao hazivumilii kufunguliwa na kufungwa.

## Harufu, ukungu na ubao kuvimba

Kwenye mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, maji mengi ya buti huingia na vitu vyenyewe: sukuma wiki iliyonyunyiziwa maji, viatu, miavuli. Kausha kapeti chini ya rafu, kwa kuwa rafu huzuia hewa kufika hapo. Maji yakirudi bila wewe kuyaleta, mwagia gari kwa mpira huku mtu akiwa ndani na tochi. Tazameni raba ya mlango, kisha gaskiti za taa za nyuma, kisha shimo la spea, ambako maji hujikusanya bila kuonekana.

Muuzaji akikuambia "hii ni marini, mkubwa," yaani plaiwudi ya kustahimili maji, omba kipande kidogo cha mabaki. Kichemshe kwenye sufuria kwa saa moja. Gundi ya kustahimili maji haiachii. Tabaka zikifunguka, umeuziwa plaiwudi ya ndani ya nyumba. Hiyo pia inatumika, mradi upake vanishi mara tatu na kuzidisha kwenye kingo na ndani ya kila tundu la skrubu. Ubao mpya unaochoma macho una gesi ya fomaldihaidi ya gundi. Uache nje kwenye hewa siku kadhaa kabla ya kuufungia ndani ya gari na watoto.

Maji yakiwa yamefika kwenye nyaya, au taa za nyuma zimeanza kuwaka ovyo, mpigie fundi wa umeme wa gari. Kwenye haibridi usisubiri.

## Huoni nyuma, au wenzako wanakuwashia taa usiku

Ubao uliopakwa rangi nyeupe au vanishi ya kung'aa hujionyesha kwenye kioo cha nyuma na kukuficha pikipiki. Upake rangi nyeusi isiyong'aa au uufunike kwa kapeti nyeusi. Mzigo ukizidi mstari wa chini wa dirisha, tegemea vioo vya pembeni, na uvirekebishe kabla ya kutoka nyumbani, usisubiri foleni.

Madereva wanaokuja mbele yako wakikuwashia taa mfululizo ilhali hujawasha za juu, nyuma ya gari imelala na taa zako zinaelekea machoni mwao. Magari mengi ya Kijapani yana kigurudumu kidogo cha kushusha taa upande wa kulia wa usukani, chenye namba kuanzia 0. Zungusha hadi namba ya juu kidogo. Isiposaidia, punguza mzigo. Kuweka springi ngumu zaidi ili rafu ibebe zaidi ni uamuzi wa fundi wa sasipensheni aliyeliona gari likiwa limepakiwa, na hata yeye hawezi kupandisha uzito ambao watengenezaji waliuandika kwa ajili ya gari lako.